Spoila ya Gwamaka

Hapo zamani, na msidhani ni zamani ya mbali, maana gari lenyewe bado lipo na buti lake halifunguki mpaka leo, palikuwa na dereva wa teksi aitwaye Gwamaka. Gari lake lilikuwa dogo, la kawaida kabisa, lile la kusukumwa na magurudumu ya nyuma. Siku moja akaona kwenye kalenda ya ukutani gari lenye bawa mgongoni. Akalipenda hapo hapo. Akaenda kwa Lusajo, fundi wa kuchomelea, akamwambia, "Nifungie spoila, fundi. Bandika kwa gundi tu, nataka urembo."

Lusajo alikuwa mbishi. Kubandika kwa gundi hakukujua, wala hakutaka kujifunza. Alichomelea spoila kwa vyuma viwili vinene, akavishusha juu ya mlango wa buti mpaka kwenye chasi. Gwamaka aliporudi, bawa lilikuwa limesimama imara na buti halifunguki.

"Umeniulia buti!"

"Lakini spoila haitoki," Lusajo akajibu. "Hata ukifunga ng'ombe."

Jirani yao alikuwa mwalimu Tusekile, aliyefundisha fizikia sekondari, mwanamke wa mwili wa kushiba na ulimi usiopumzika. Akalizunguka gari huku akicheka. "Kaka Gwamaka, kazi ya bawa hili ni kukandamiza nyuma, magurudumu yashike barabara. Ila linakandamizwa na upepo, na upepo huo unaupata gari likikimbia kweli kweli. Wewe kwa barabara yetu hii unakwenda mwendo wa bata. Kwako hii ni ya kuanikia nguo. Itoe."

Kila asubuhi akipita: "Bado hujaitoa?" Kila asubuhi: "Bado tu?" Mwishowe Gwamaka akaona haya. Akachukua spana na nyundo, akahangaika mpaka adhuhuri. Haikutoka. Akaiacha.

Sasa sikilizeni. Katika mtaa wao huo huo aliishi mama mmoja, Atupele. Kati ya mtaa na hospitali kuna kilima cha Ndulilo, chote udongo mwekundu. Miaka miwili nyuma Atupele alishikwa na uchungu wakati wa mvua, gari lililombeba likakwama Ndulilo, na mtoto wake wa kwanza akafa pale pale. Tangu siku ile, kila alipopita pale alijifunika uso kwa kanga.

Mimba ya pili ikatimia, na mvua zikawa zile zile. Uchungu ukamshika mchana. Dereva wa kwanza akasema, "Ndulilo leo hapapandiki." Wa pili akasema hivyo hivyo. Gwamaka akasema, "Mpakieni." Mwalimu Tusekile akaingia naye ili amshike mkono.

Katikati ya kilima magurudumu ya nyuma yakaanza kuzunguka bure, gari likarudi nyuma kidogo kidogo. Atupele akachungulia nje, akapatambua. "Ni hapa," akalia. "Jamani, ni hapa tena."

Tusekile akaruka nje. "Nyuma ni nyepesi! Fungua buti tujaze mawe!"

"Buti halifunguki, mwalimu."

Tusekile akaitazama ile spoila aliyoicheka miezi mitatu. Akavua viatu, akapanda kwenye bampa, akaikumbatia. "Upepo hakuna," akapaza sauti, "nitakandamiza mimi. Endesha!"

Magurudumu yakashika. Gari likapanda polepole, matope yakimpiga mwalimu usoni, chuma kikimchana mkono, naye hakuachia. Spoila ikalia kwa uzito, haikung'oka. Atupele akajifungulia hospitali, mtoto wa kike, mzima. Mama alilia kwa furaha zaidi kuliko alivyolia kwa uchungu.

Asubuhi yake akawaita wote watatu, Gwamaka, Lusajo na mwalimu. "Aliyemvusha mwanangu Ndulilo ndiye atakayemchagulia jina. Jina ni moja, na mchaguzi ni mmoja."

"Basi ni mimi," akasema Gwamaka. "Spoila niliitaka mimi, na kuchekwa nikachekwa mimi. Na madereva walipokataa, niliyesema mpakieni ni mimi. Bila mimi mtoto asingevuka."

"Na aliyeishikia spana na nyundo aing'oe ni nani?" akauliza Lusajo. "Ningebandika gundi kama ulivyosema, mwalimu angebaki matopeni na bawa mkononi. Sikuwepo Ndulilo, lakini kazi yangu ilikuwepo. Bila mimi mtoto asingevuka."

"Na buti je?" Gwamaka akamrudia. "Lingefunguka tungejaza mawe, mwalimu asingechanika."



Tusekile akainua mkono wenye bendeji. "Spoila ilikaa miezi mitatu bila kazi. Mimi ndiye niliyejua kazi yake, na mimi ndiye niliyeifanya. Bila mimi mtoto asingevuka."

"Kweli, mwalimu," Lusajo akasema taratibu. "Lakini kama Gwamaka angefanikiwa kuitoa ulivyotaka, siku ile ungekumbatia nini?"

Mwalimu akaushusha mkono wake.

Atupele amekaa kitandani, mtoto amemfunga kwa kanga ile ile aliyokuwa akijifunikia uso. Nesi amesimama na kalamu, na karatasi ya mtoto haina jina. Nyie mnaonisikiliza, msinitazame mimi, semeni: nani amchagulie mtoto jina? Aliyeitaka spoila, aliyeifunga isitoke, au aliyekuwa upepo wake?