Kutu ya Kijani Mkononi mwa Minza

Hapo zamani, na sisemi zamani ya mababu, nasema zamani ya juzijuzi tu, mashine za kusikilizia dhahabu zilipoanza kuingia vijijini, paliishi Msukuma mmoja jina lake Lugata, na wake zake wawili. Mke mkubwa ni Nkwimba. Mke mdogo ni Minza. Sikilizeni vizuri, maana mwishoni nitawauliza, na sitaki mtu aniambie alikuwa anasinzia.

Mashine ya Lugata ilikuwa ile yenye mpini mrefu na sahani chini. Unaipitisha juu ya ardhi, ikikuta madini inakulilia masikioni. Kazi yake inataka watu wawili, mmoja wa kusikiliza na mmoja wa kuchimba. Mwanzoni jembe alilishika Nkwimba. Kisha akaolewa Minza, binti mwenye nguvu, mgongo wake haujajua kuuma, na jembe likahamia kwake. Ikawa hivi: Lugata anasikiliza, Minza anachimba, Nkwimba anabaki nyumbani. Wanaondoka asubuhi wakicheka, wanarudi jioni wakicheka, na Nkwimba anawapakulia ugali.

Je, aliona wivu? Aliona wivu mpaka chakula kikawa hakipiti kooni. Wala hakuficha. Alikuwa akiwaambia majirani kwamba mpini wa jembe lile ulilainishwa na viganja vyake, na sasa unashikwa na mwingine.

Siku moja, kwenye kilima cha nyuma ya kijiji, mashine ikalia sauti nene. Lugata akasikiliza, Minza akachimba, Nkwimba yuko nyumbani. Ikatoka bangili ya shaba, nzito, imejaa kutu ya kijani. Lugata kwa furaha akamvisha mkewe. Minza akainua mkono auone juani, kisha akatazama tena shimoni. Akaona mfupa wa mkono wa mtu, na bangili nyingine bado zimeuzunguka.

Akaivua palepale. Akamwambia mumewe, "Baba Ngolo, huyu ni mtu. Alikuwa ameivaa."

Lugata akamjibu kwamba mtu huyo alikufa kabla babu wa babu yake hajazaliwa, hana safari tena ya kwenda na bangili. Minza akairudisha bangili ilipokuwa, kwa upande uleule iliolalia, akafukia kwa mikono taratibu, akaweka tawi bichi juu.

Sasa mjue desturi ya wachimbaji. Shimo likitoa kitu, halitajwi nyumbani. Unafukia, unaondoka unapiga mluzi kama mtu aliyetoka mikono mitupu, kwa sababu neno likivuja tu, kesho kijiji kizima kiko pale na sururu. Ndiyo maana Minza alirudi kimya. Mdomo ulinyamaza, mkono haukunyamaza. Kwenye kifundo palikuwa na duara la kijani.

Nkwimba akaliona wakati wa kunawa. Akauliza ni nini. Minza akasema ni majani. Lakini Nkwimba si mtoto, majani hayamchori mtu duara. Akajua kuwa mume amemvisha mwenzake pambo, na wote wawili wamekubaliana kumficha. Ugali wake ukabaki kwenye sahani.

Kesho yake akaenda ofisini kwa mtendaji wa kijiji. Alitaka kumwaibisha mwenzake, basi akatafuta aibu kubwa kuliko zote. Akasema mke mwenzake anafukua makaburi kule kilimani na kuvaa vitu vya maiti. Alikuwa anazua, jamani. Hakujua kilimani kuna nini. Alitunga uongo, na uongo ukawa kweli bila yeye kujua.

Mtendaji akapiga simu wilayani. Wakaja watu wa mambo ya kale, wakiongozwa na mama mmoja mtaratibu aitwaye Eufrasia. Wakazungusha kamba. Hawakugusa jembe, walitumia brashi na vijiti vya mianzi, na kila tabaka la udongo wakalipiga picha. Nkwimba akasimama karibu na kamba kusubiri dhahabu ya mwenzake ifichuliwe. Badala yake akatokea mwanamke wa kale, amelala ubavu, magoti yamekunjwa, bangili zake mkono wa kulia. Nkwimba akaketi chini.

Wakiwa bado hapo, akafika mnunuzi wa vyuma chakavu, na gunia begani na koleo mkononi. Akamuulizia Lugata, maana alikuwa ameitwa kuja kuchukua shaba. Lugata akaangalia viatu vyake.

Eufrasia akaeleza kwamba mifupa itakwenda kuchunguzwa, kisha itarudishwa kuzikwa palepale. Wazee wakasema sawa, ila mtu wa kijiji hasafiri bila jina. Apewe somo, wakasema, aitwe kwa jina la mwanamke mmoja wa hapa. Na nyumba itakayotoa jina ndiyo itakayotunza kaburi lake, kizazi baada ya kizazi. Jina moja, liandikwe kwenye sanduku sasa hivi, kabla gari halijaondoka.

Lugata akasema, "Watu wamelima kilima hiki na kulisha ng'ombe, nani alimsikia? Nilikosea kumwita mwenye gunia, nakiri. Lakini bila masikio yangu angekuwa udongo tu. Aitwe Holo, jina la mama yangu."

Minza akasema, "Bangili ilikuwa mkononi mwangu, na nikaivua. Niliirudisha mahali pake, na mama Eufrasia mwenyewe amesema pambo likitoka mahali pake halielezi tena lilikuwa la nani. Aitwe Minza." Eufrasia akatikisa kichwa kukubali, kwamba ni kweli alisema hivyo.

Nkwimba akainuka, akajikung'uta vumbi. "Nilisema uongo, sikatai. Nilitaka Minza aaibike, na hata sasa nikimwona na jembe langu moyo unaniuma. Lakini mume wangu alishamwita mwenye gunia, na Minza alishanyamaza. Kama ningekuwa mke mwema, nikapakua ugali na kufunga mdomo, bibi huyu leo angekuwa wapi? Angekuwa kwenye tanuri, anayeyushwa pamoja na masufuria. Wivu wangu ndio uliomwokoa. Aitwe Nkwimba."

Wazee wakatazamana. Minza akauficha mkono wake chini ya kanga, na Nkwimba akaona alivyouficha. Dereva akawasha gari. Eufrasia akafungua kalamu, akainama juu ya sanduku, akasubiri.

Bado anasubiri, ndugu zangu. Mmoja alisikia, akaita gunia. Mmoja alirudisha, akanyamaza. Mmoja aliokoa, naye hakukusudia kumwokoa mtu. Wewe unayetabasamu hapo nyuma, na wewe mwenye mke mwenza nyumbani, semeni tusikie: je, yule bibi alistahili kuitwa kwa jina la nani?