Kitambi cha Fundi Mbaruku

Bwana Shekue, mwenye nyumba, hakutaka maneno. "Funga hizo paneli za sola! Paa la wapangaji wangu ni imara."

Fundi Mbaruku alikuwa ameshaona kenchi, zile mbao zinazobeba paa, zilivyoliwa na mchwa. Akajipapasa kitambi. "Bosi, mimi mwoga, tena mzito kama kiboko. Hebu tangulia, unionyeshe pa kukanyaga."

Shekue akapanda kwa madaha hadi katikati ya paa. Mbao zikalia. Akaganda.

Mbaruku akajitwika paneli, akakanyaga ngazi. "Nakuja, bosi!"

"Usipande! Tutaanguka! Kesho nitaleta mbao mpya!"

"Agiza sasa hivi," Mbaruku alisema, huku akizidi kupanda. "Mnene kama mimi akishaanza kupanda, kurudi chini hawezi."

Shekue akatoa simu, akapiga. "Haloo, duka la mbao?"