Pasi ya Kwenye Matete

Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti ndogo hivyo, mmefungwa mabao mangapi? Wewe unayetafuna muwa huko nyuma, tema makapi uitikie na wenzako. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nasikia watu.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na timu zao, palikuwa na mto. Upande huu wa mto waliishi wanyama wa Bondeni. Upande ule waliishi wanyama wa Ng'ambo. Katikati ya mto palikuwa na kisiwa, tambarare, majani yake mafupi, na pembeni mwake yameota matete. Kisiwa hicho hakikuwa cha huku wala hakikuwa cha kule. Kilikuwa uwanja. Mavuno yakiisha, Bondeni na Ng'ambo walikutana hapo wakacheza mpira, na jioni kila mmoja akarudi kwao.

Sasa wanyama wa Bondeni walikuwa na namna yao ya kucheza. Walicheza kwa wimbo. Bi Kanga na binti zake walisimama ukingoni mwa uwanja wakaimba, na wachezaji wakapigiana pasi kwa mapigo ya wimbo ule. Ndivyo walivyofunzwa tangu wakiwa wadogo, na hawakujua namna nyingine. Wimbo wenyewe ulikuwa huu:

Toa, pokea,
toa, pokea,
kwenye kona ya matete
mm-mm yupo.

Hapo penye mm-mm palikuwa na jina zamani. Msiniulize sasa, tutafika.

Basi wakaja Ng'ambo na beki mpya. Mwili mdogo, mkia mrefu, uso kaupaka tope jeupe kama walivyojipaka wote wa Ng'ambo. Mechi ikaanza. Bi Kanga akaimba. Toa, pokea, toa, pokea. Mpira ukatoka kwa huyu ukaenda kwa yule, ukafika kwa Digidigi, winga wa Bondeni mwenye miguu myepesi. Digidigi akaupeleka kwenye kona ya matete. Puu! Na beki yule, chwap, yuko pale. Si kwamba alikimbilia mpira. Mpira ulimkuta.

Wakarudia. Toa, pokea, kwenye kona ya matete. Chwap! Beki yuko.

Mwaka ule Bondeni hawakupata bao hata la kuotea. Mwaka uliofuata, vilevile.

Palikuwa na mwamba wa chumvi huko Bondeni, wanyama hukutana hapo kulamba chumvi na kusema. Kulamba kidogo, kusema sana. Hapo ndipo kesi ya yule beki ilipokaa. Bwana Fisi, shabiki mkubwa, aliyefika uwanjani kabla ya wachezaji, alishikilia kwamba ni uganga. Wamezika kitu, alisema, na kile kitu ndicho kinachouvuta mpira. Tumbili alimcheka. Tumbili alisema kuna msaliti, mtu analamba chumvi yetu hapa kisha anakwenda kuuza siri zetu kule, na alipokuwa akisema alimtazama kila mtu isipokuwa yeye mwenyewe. Nungunungu, mwalimu wa timu, alisema wenzetu wanafanya mazoezi na nyie mnafanya maneno. Hakuna aliyempenda Nungunungu siku hiyo.

Basi wakajaribu. Bwana Fisi akaleta dawa, inanuka, wachezaji wakapakwa kwato na kucha. Mechi ikaja. Wimbo ukaimbwa. Mpira ukaenda matete. Chwap! Beki yuko.

Tumbili akataka mazoezi yafanywe vichakani, mbali na macho ya watu. Yakafanywa vichakani. Wachezaji walichomwa miiba, kipa akapotea wakamtafuta. Mechi ikaja. Wimbo ukaimbwa. Mpira ukaenda matete. Chwap! Beki yuko.

Na wakarudi mwambani, wakalamba, wakasema tena.

Digidigi hakusema. Alilamba chumvi yake pembeni na masikio ameyalaza. Kwa sababu Digidigi alikuwa anamjua yule beki. Na nyie watoto msidhani alikuwa peke yake. Bi Kanga alimjua. Nungunungu alimjua, ndiye aliyemfundisha kukimbia. Bwana Fisi naye alimjua, pamoja na uganga wake wote. Tope jeupe haliufichi mkia. Wote walimjua, na hakuna aliyeweza kusema, maana kusema kulikuwa mwiko.

Kabla ya hayo yote, ukame ulikuwa umepita nchi ile. Mto ulikauka ukabaki tope, na tope likabaki vumbi. Upande wa Ng'ambo palikuwa na chemchemi iliyokataa kufa. Basi wapo waliosema tuvumilie hapa, na wapo waliotazama watoto wao wakavuka. Mvua zikarudi. Mto ukajaa. Waliovuka wakawa wameshajenga huko. Mama Nyati, mkuu wa Bondeni, ambaye alizika wengi mwaka ule, akasimama ukingoni akakumbusha mwiko wa wazee: aliyevuka ameondoka na jina lake. Atakayelitaja jina hilo atakausha mto. Na huyo atavushwa, na jina lake nalo halitatajwa tena.

Tangu hapo Bondeni wakaishi na midomo iliyofungwa nusu. Mama wa Bwana Fisi alikuwa amevuka. Fisi akawa anacheka peke yake jioni, anangoja kidogo, hakuna anayemjibu, anakwenda zake kulala. Na Bi Kanga ilimbidi aimbe wimbo wa timu bila jina lililokuwamo. Akaweka mm-mm.

Jina lile lilikuwa Nguchiro.

Nguchiro na Digidigi walikua pamoja. Walikunywa maji kwenye dimbwi moja, na mpira wao wa kwanza waliusokota wenyewe kwa majani ya mgomba. Digidigi alitoa, Nguchiro akapokea. Alipokelea wapi? Kwenye kona ya matete. Hapo ndipo palikuwa pake. Familia yake ilivuka alfajiri, na Digidigi aliamka akakuta tundu lao tupu, na mpira umeachwa mlangoni.

Digidigi alimkumbuka. Niseme wazi, alimkumbuka mpaka majani yakakosa ladha mdomoni. Alikuwa akienda ukingoni kunywa maji hata kama hana kiu, akatazama ng'ambo. Pengine aliuona mkia ule mrefu ukipita kwenye nyasi. Hakuita. Angeitaje? Kinywa kilifunguka, jina likafika kwenye meno, likarudi. Alikuwa na mama mzee, macho yamefifia, Digidigi huyu, na akifukuzwa nani angemwonyesha njia ya maji? Basi alikunywa, akarudi.

Na kila mechi aliona uso ule wenye tope mbele yake, karibu kabisa, na kuunyamazia.

Siku ikaja ya mechi ya mwisho ya msimu. Kisiwa kimejaa. Korongo ndiye refa, kasimama kwa mguu mmoja na filimbi mdomoni. Ng'ambo wakapata bao, moja. Bondeni wakahangaika. Jua likaanza kushuka, Korongo akaanza kulitazama, na kila shabiki alijua maana yake. Bwana Fisi alikuwa ameshapoteza sauti. Mama Nyati alisimama mbele ya watu wake, amekunja uso.

Mpira ukafika kwa Digidigi. Bi Kanga akapandisha wimbo, na binti zake, na Bondeni nzima.

Toa, pokea,
toa, pokea...

Mguu wa Digidigi ukainuka. Ulikuwa unakwenda kulekule. Na hapo, mguu ukiwa juu, akainua macho akamwona beki.

Beki hakuwa anautazama mpira. Wala hakumtazama Digidigi. Alikuwa anakimbia kuelekea matete, mkia juu, kichwa kimeinama kidogo upande, vilevile kama walivyokuwa wakikimbia wakiwa wadogo. Mtu anayekwenda kuzuia hakimbii namna ile. Zile ni mbio za mtu anayekwenda kupokea.

Digidigi akashusha mguu. Akaukanyaga mpira. Ndipo akaelewa. Hakuna uganga, hakuna msaliti. Miaka yote wao wenyewe ndio waliokuwa wakimpa mpira. Mahali pake hapakuwahi kupewa mtu mwingine. Bondeni nzima walikuwa wakicheza na mchezaji ambaye hawakuruhusiwa kumtaja.

Jina likafika kwenye meno. Safari hii halikurudi.

"Nguchiro."

Wimbo ukakatika. Na unajua walifanya nini wote, wa huku na wa kule? Waligeuka wakautazama mto.

Mto ukaenda. Chwaa, chwaa, chwaa. Ulikuwa unapiga mawe kama jana, unaelekea ulikokuwa ukielekea.

Nguchiro alikuwa amesimama katikati ya matete. Goli la Ng'ambo liko wazi, maana kipa naye alikuwa anatazama mto. Tumbili akanong'ona piga, piga sasa, tunakuomba. Digidigi hakupiga. Akamwendea mwenzake, mpira akiusukuma taratibu kwa ukwato.

"Ndugu yangu, ulikuwa unajuaje?"

Nguchiro akafuta uso. Tope likachanganyika na machozi, uso ukaonekana, ni uleule.

"Sijui kitu mimi," akasema. "Nikiusikia ule wimbo, miguu inakwenda yenyewe. Na kila nikifika hapa, mpira unakuja. Kila mara unakuja. Mimi nilidhani mnaniita."

Loo. Bi Kanga alikaa chini. Ndege mzima na madoadoa yake akakaa chini, akalia mbele za watu.

Mama Nyati akapiga hatua moja mbele. Akafungua kinywa kutoa hukumu, na Digidigi akainamisha kichwa kuipokea, akimfikiria mama yake na njia ya maji. Lakini kabla neno halijatoka, Bwana Fisi, mtu wa uganga, mwenye sauti iliyopotea, alisogea mpaka kwenye mstari akamuuliza Nguchiro kwa unyonge, "Na mama yangu Msimba, bado anacheka?"

"Anacheka," Nguchiro akajibu. "Jioni. Halafu ananyamaza kidogo, kama anayesikiliza."

Bwana Fisi akageuka asionekane. Basi hapo mlango ulikuwa umefunguka. Nungunungu akauliza habari za ndugu yake, kwa jina. Tumbili akamuulizia shangazi, kwa jina. Majina yakaanza kuvuka uwanja huku na kule, na wa Ng'ambo nao wakauliza ya kwao, maana kumbe huko nako walikuwa wamenyamaza. Mama Nyati alisimama na hukumu yake mdomoni. Awavushe wangapi? Akautazama mto tena, muda mrefu. Akaonekana amechoka. Kisha na yeye akataja jina moja, kwa sauti ndogo sana, na hakuna aliyemsikia vizuri, na hakuna aliyemwomba arudie.

Aliyekumbuka mechi alikuwa Nguchiro. Aliutazama mpira uliokuwa miguuni mwa Digidigi.

"Samahani, ndugu yangu," akasema. "Mimi beki."

Akaupiga, pwaa, ukaenda mtoni. Korongo akashtuka, akapuliza filimbi, priii, mechi imekwisha. Bondeni wamefungwa bao moja kwa bila.

Ninyi mnangoja niwaambie Nguchiro alirudi nyumbani. Hakurudi. Alikuwa na watoto kule, na watoto wake waliyajua maji ya chemchemi ile, wakayaita yao. Jioni ile alivuka mawe kwenda upande wake na Digidigi akavuka kwenda wake. Lakini jua lilipozama, Digidigi alikwenda ukingoni, akaita. Upande wa pili ukaitika. Hayo ndiyo aliyopata, na alikuwa ameyangoja siku nyingi.

Bondeni wakajifunza kupeleka mpira kwingine. Ilichukua muda, walizoea vibaya. Siku moja wakafunga, na Bwana Fisi alicheka mpaka akasikika ng'ambo, na ng'ambo wakamjibu. Ila katika kila mechi, mara moja, hata kama wanafungwa, Digidigi aliupeleka mpira kwenye kona ya matete. Makusudi. Mashabiki walijua anampa nani, na hata Tumbili hakulalamika. Nguchiro alikuwapo, akaupokea, akaukanyaga kidogo. Na Bi Kanga aliuimba wimbo mzima:

Toa, pokea,
toa, pokea,
kwenye kona ya matete
Nguchiro yupo.

Basi watoto, na nyie wazazi wao mnaojifanya mmesinzia, funzo lake ni hili: usilizuie mdomoni jina la umpendaye. Ukilizuia mdomoni, miguu italitaja, na wewe utabaki kutafuta mchawi.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye matete. Mwenye wake ng'ambo, na amwite.