Alama ya Mlimani

Mwaka ule jua liliwaka hata kivuli nacho kikatamani kivuli. Visima vya Bondeni vilikauka, ikabaki chemchemi moja tu, nayo ni ya Simba, ng'ambo ya korongo. Simba hakutoa maji bure: kibuyu cha asali kwa kibuyu cha maji. Kisha, kwa kuwa mfalme hashauriwi, akanguruma amri mpya. Asali ya Bondeni itozwe ushuru wa nusu langoni. Ya Mlimani, kwa akina Nyani, ipite bila ushuru.

Wanabondeni wakashika tama. Sungura akacheka. Watoto wake sita midomo ilikuwa imewapasuka kwa kiu, lakini yeye aliamini kichwa chake hakikuumbwa kubeba masikio tu.

"Asali haisemi imetoka wapi," aliwaambia majirani. "Kinachosema ni kibuyu."

Akina Nyani walikuwa na desturi ya kuchoma alama ya mkia shingoni mwa vibuyu vyao. Sungura akashika kijinga cha moto, akavichoma mkia vibuyu vyote vya kijiji. Kobe peke yake alikataa.

"Mwongo sharti awe na mbio, ndugu yangu," alisema. "Mimi sina."

Wiki tatu mfululizo Fisi, mlinzi wa lango, alitazama alama, akameza mate, akampitisha Sungura na asali ya majirani. Sungura akaanza kutembea kifua mbele na kujiita Waziri wa Biashara.

Safari ya nne akabeba asali yote iliyosalia kijijini isipokuwa ya Kobe, vibuyu ishirini. Fisi alimpokea kwa kicheko, jambo ambalo lingemshtua mwenye akili.

"Ni ya Mlimani hii?"

"Ya Mlimani halisi, Bwana Fisi! Nyani mwenyewe kavichoma vibuyu alama."

"Vizuri. Leo asubuhi Nyani wameyacheka manyoya ya mfalme. Asali yao yote inatwaliwa. Ya Bondeni inapita bure."

Sungura akafunika alama kwa kiganja. "Basi... hii ni ya Bondeni!"

"Na alama?"

"Nimechoma mimi."

"Kumbe umemdanganya mfalme wiki tatu!"

Kesi ikapelekwa kwa Simba, naye akapiga miayo. "Bondeni ndiko wapi?" aliuliza, akalala tena kabla ya kujibiwa. Hilo lilimuuma Sungura kuliko yote. Siku zote hizo alijiona anapimana akili na mfalme, kumbe mfalme hana habari naye. Fisi akazibua kibuyu cha kwanza.

Nyuma yao akaja Kobe na kibuyu kimoja kisicho na alama. Akapita, akajaziwa maji, akaenda kuwanywesha watoto wa Sungura.

"Baba watoto, asali ya watu iko wapi?" mkewe alimuuliza Sungura aliporudi, mbele ya majirani.

"Nilitafuta mjinga wa kumdanganya," Sungura alijibu, macho chini. "Nimempata. Ndiye huyu mumeo."

Hakuna aliyecheka. Ujanja mwingi, mbele giza.