Fahali wa Kisiwani

Bwana Lukindo alikuwa na ng'ombe waliojaza bonde zima, lakini kila mtoza kodi ya kujenga daraja alipofika, jibu lilikuwa moja: "Hawa si wangu. Ni wa kampuni iliyoko kisiwani, ng'ambo ya bahari. Mimi nachunga tu."

"Na kampuni ni ya nani?" aliuliza Namsifu, mjane mwenye kuku watatu, aliyekwisha kulipa kodi yake.

"Kule kisiwani hiyo ni siri."

"Basi apa mbele ya baraza, Bwana, wasikusumbue tena."

Lukindo akaapa, tena kwa furaha.

Kesho yake Namsifu aliswaga fahali mnono kuliko wote, akawaomba wajenzi wa daraja wamchinje, akawapikia. Lukindo akaja anahema.

"Namsifu, umechinja fahali wangu."

"Wako?" Namsifu akamgeukia mtoza kodi, aliyekuwa anaguguna mfupa. "Mwenzetu amekumbuka. Mhesabie na kodi ya miaka iliyopita."

Lukindo akajirekebisha haraka. "Nilitaka kusema, wa kampuni."

"Basi mwenyewe akija kutoka kisiwani nitamlipa. Wewe mchungaji umechoka, kaa unywe supu."

Lukindo akakaa. Alipokuwa anapuliza bakuli, Namsifu akamwuliza kwa adabu ni fahali yupi kampuni ingependa achinjwe kesho.