Pandu Avunja Jiko Siku ya Mwaka

Paukwa!

— Pakawa!

Mafiga?

— Yana moto!

Moto?

— Una chungu!

Chungu?

— Kina wali!

Wali?

— Wa wageni!

Haya, sogeeni. Wewe wa nyuma, acha kumfinya mwenzio, nimekuona. Hapo kale, watu walipokuwa wakigombania ukoko kama mnavyougombania nyinyi leo, palikuwa na kijiji kinaitwa Uvumbuni. Na Uvumbuni palikuwa na bwana mmoja, jina lake Pandu. Mkono wake ulijua kila kazi ya nyumba. Kukandika ukuta? Pandu. Kupaka chokaa? Pandu. Kuchonga mwiko? Pandu. Ila mkono huohuo ukiuomba tonge moja la wali, unakunjika! Haukunjuki mpaka wewe uondoke.

Mkewe aliitwa Miza. Miza alipoolewa, alikuja na chungu alichopewa na mama yake. Chungu, jamani! Mtoto mchanga angeweza kuogeshwa ndani. Kilikuwa chungu cha kupikia wageni, na Miza alipenda wageni kuliko alivyopenda usingizi. Sasa niulizeni, kwa Pandu chungu kile kilifanya kazi gani?

— Kazi gani?

Kuku alitagia ndani.

Pale Uvumbuni, siku kubwa kuliko zote ilikuwa siku ya Mwaka, mwaka mpya wa wakulima, mpunga ukishavunwa. Asubuhi yake kila mwanamke huzoa majivu ya zamani, huosha mafiga, huwasha moto mpya, hupika wali wa nazi. Na kila nyumba lazima ipate mgeni. Nyumba ikikosa mgeni siku hiyo, wenyewe huona haya hata kupita kisimani.

Pandu aliona haya? Thubutu!

Mwaka wa kwanza wa ndoa yao, Miza aliamka alfajiri akaosha mafiga, akakuna nazi. Pandu naye akaamka. Akachota udongo, akaukoroga na maji, akasiriba sakafu yote, pembe hadi pembe. Wageni hao! Wamevaa, wamejitia manukato, kicheko chao kimetangulia mbele.

"Hodi!"

"Msikanyage!" akapiga kelele Pandu. "Sakafu mbichi!"

Wageni wakatazamana, wakaenda kwa jirani. Miza akapika wali wa watu wawili kwenye kisufuria. Wakala wawili. Kuku akataga.

Mwaka wa pili, Miza akaosha mafiga, akakuna nazi. Pandu akakoroga chokaa, akapaka kuta, akapaka mlango, akapaka hata kizingiti cha kukanyagia.

"Hodi!"

"Msiguse!" akapiga kelele Pandu. "Chokaa mbichi! Mtaharibu nguo!"

Wageni wakashika nguo zao, wakaenda kwa jirani. Miza akapika wali wa watu wawili kwenye kisufuria. Wakala wawili. Kuku?

— Akataga!

Akataga. Mnanifuata vizuri.

Msidhani Miza hakumpenda mumewe. Alimpenda. Pandu alikuwa mcheshi, na mwiko aliomchongea ulikuwa mzuri mno. Lakini roho ilimuuma kila alipomwona yule kuku amejikunja ndani ya chungu cha mama yake. Mwaka wa tatu ulipokaribia, akamwambia, "Mume wangu, nakwambia kwa uzuri. Safari hii asipokula mgeni hapa, namtoa kuku, nabeba chungu changu, narudi kwa mama."

"Kwani mimi nimemkataza mgeni?" akasema Pandu.

"Hujamkataza. Umemwambia asikanyage."

Pandu akacheka, akadhani mzaha. Akaanza kuwaza. Sakafu, mwaka huu watasema wataisubiri ikauke. Chokaa, watakuja na nguo kuukuu. Lakini je, kama jiko lenyewe halipo? Watapikiwa wapi? Akacheka peke yake mpaka akashika mbavu.

Jiko lao lilikuwa kibanda cha udongo uani. Juu yake palikuwa na dari, na kwenye dari hiyo Pandu aliweka mpunga wake, mavuno juu ya mavuno, moshi uwafukuze wadudu. Sasa huwezi kuvunja jiko mpunga ukiwa juu. Basi alfajiri ya Mwaka akayateremsha magunia, moja moja, akayapanga uani peupe, kila mtu ayaone. Mimi nisingefanya hivyo. Lakini mimi si mjanja kama Pandu.

Akachukua jembe. Puu! Puu! Puu! Jiko chini.

Miza akatoka na nazi mkononi. Akatazama ukuta ulioanguka. Akatazama magunia. Akamtazama mume, vumbi mpaka kwenye kope. Mlidhani atalia? Hakulia. Akatabasamu kidogo upande mmoja wa mdomo, akajitanda kanga yake, akatoka.

Akaenda kwa Bi Kazija, jirani yao mtu mzima. "Shikamoo, Bi Kazija."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mapema hivi?"

"Mume wangu amevunja jiko, na yuko peke yake."

"Peke yake! Siku ya Mwaka!" Bi Kazija akatafuta ndoo.

Akaenda kwa Vuai, mkata fito. "Vuai, mume wangu amevunja jiko, na yuko peke yake."

"Peke yake! Na mimi nimekaa!" Vuai akabeba mzigo wa fito.

Akawakuta vijana njiani na ngoma zao. "Jamani, mume wangu amevunja jiko, na yuko peke yake."

"Peke yake! Na sisi wote hawa tupo!"

Nawauliza nyinyi. Miza alisema uongo?

— Hapana!

Hata neno moja hakuongeza. Uvumbuni, jirani akiwa na kazi ya nyumba, hungoji kuitwa, unakwenda. Na mtu aliyetia udongo kwenye ukuta wako hanawi mikono ila kwa kula kwako. Pandu alilijua hilo tangu mdogo. Ila sakafu na chokaa alikuwa amezimaliza mwenyewe, hazikubaki na kazi isipokuwa kukauka. Safari hii ujanja ulimzidi. Alivunja, na kitu kilichovunjwa ni kazi!

Hao wanakuja, na wimbo wao:

Pandu ana fito, tumekuja!
Pandu ana udongo, tumekuja!
Pandu hana jiko, tumekuja!

"Hodi!"

"Msi..." akaanza Pandu. Msi nini? Msikanyage? Msiguse? Akasema, "Jiko halipo!"

"Ndilo lililotuleta!" wakajibu wote.

Basi ikawa kazi. Huyu anachota maji, huyu anakanyaga udongo, huyu anasimamisha nguzo. Pandu alitaka kununa, lakini mkono wa fundi haununi. "Vuai! Fito hiyo imepinda, nipe mie!" Punde si punde yumo katikati yao, anaimba, udongo masikioni, na jiko linapanda, kubwa mara mbili ya lile la mwanzo. Jua lilipofika utosini, Bi Kazija akabandika tonge la mwisho la udongo ukutani. Pwa!

Kisha wakakaa wote uani, na mikono yao ya udongo. Wanatazama mafiga.

Pandu akakohoa. "Asanteni sana, majirani. Nendeni mkapumzike."

Hakuna aliyeinuka.

"Jiko bado bichi. Moto haufai."

"Na jiko bichi hukaushwa na nini, mwanangu?" akauliza Bi Kazija. "Si moto?"

"Hatuna chungu cha kutosha watu wote hawa."

Miza akaingia ndani. Kwekwekwekwe! Kuku huyo katoka mlangoni mbio, na Miza nyuma yake, chungu kiunoni.

"Hatuna chakula!"

"Pandu ndugu yangu," akasema Vuai, "na hiki nilichokikalia ni nini?"

Alikuwa amekalia gunia. Wote walikuwa wamekalia magunia.

"Huo mpunga tu! Haujatwangwa!"

Tu! Tu! Tu! Wanawake watatu walishaanza kutwanga kitambo.

Watu wakacheka mpaka mwingine akaanguka kutoka kwenye gunia lake. Pandu hakucheka. Akamvuta Miza pembeni. "Miza, nakuomba. Waambie waende."

Miza akakunja kanga ikawa kata, akaiweka kichwani. Juu ya kata akaweka chungu. Akageuka, akashika njia.

Hapo, jamani, Pandu akalikumbuka neno la mkewe. Akaziona siku za Mwaka zote zijazo, yeye na kisufuria, na nyumba nzuri iliyopakwa chokaa, ndani hamna mtu. Akaogopa. Akamkimbilia.

"Miza! Njia hiyo inakwenda kwa mama."

"Naijua."

"Jiko liko huku."

"Nalijua pia."

Pandu akasimama, udongo unamtiririka shingoni. "Basi rudi nacho hicho chungu. Moto nitauwasha mwenyewe."

Akauwasha! Akapuliza mpaka macho yakawa mekundu. Nazi zikakunwa, tui likakamuliwa. Miza akapika wali wa nazi chungu kizima, na mchicha, na samaki wa kukaanga walioletwa na majirani. Masinia yakapangwa uani, watu wakayazunguka, ukawa ni kucheka na kutafuna. Na chungu kilipofika chini, Miza akachukua mwiko, akabandua. Ukoko! Wa rangi ya dhahabu, mpana, unanukia nazi. Akamkatia Pandu kipande.

Kru! Kru! Kru!

Pandu akafumba macho. "Miza! Miaka yote hii ulikuwa unauficha wapi ukoko huu?"

"Kisufuria cha watu wawili hakitoi ukoko," akasema Miza. "Chungu hiki kinatoa, na chungu hiki hakipikiwi bila wageni."

Mnadhani imeisha? Mnataka kulala? Ngojeni.

Mwaka uliofuata, kabla Miza hajamaliza kukuna nazi, Pandu alishasimama njiani na kanzu nyeupe. Hao watu wanapita, wamevaa, wanacheka.

"Karibuni! Karibuni kwangu!"

"Tutakanyaga sakafu mbichi," akasema Vuai.

"Kavu! Kavu kabisa!"

"Tutajipaka chokaa," wakasema wale vijana.

"Imekauka!"

"Na jiko?" akauliza Bi Kazija.

"Lipo! Zima! Halina hata ufa!"

"Basi hongera, mwanangu. Wewe huna shida yoyote. Ngoja twende kwa wenye shida."

Wakapita, midomo wameibana. Pandu akabaki peke yake njiani. Akageuka kuitazama nyumba. Miza kasimama mlangoni na chungu mikononi, mchele umeoshwa, nazi imekunwa, na kwenye njia hamna mtu. Akauona uso wa mkewe. Yule Pandu, mjuzi wa kuwarudisha wageni, sasa hakujua kuwaita.

Akakimbia uani. Akakamata jembe.

"Pandu!" akalia Miza. "Unafanya nini?"

Puu! Puu! Puu!

"Majiraniii!" Sauti yake ilisikika mpaka mashambani. "Jiko limevunjika! Na niko peke yanguuu!"

Hao! Kwa kishindo! Wala hawakutoka mbali, walikuwa wamejibanza nyuma ya ua wakiziba midomo kwa viganja. Wala hawakubeba majembe. Kila mmoja kabeba sinia tupu.

"Mwanangu," akasema Bi Kazija, machozi ya kicheko yanamtoka, "tulikuwa tunazunguka ua tu, tunarudi. Usingevunja!"

Miza alicheka mpaka akakiweka chungu chini kisije kikapasuka. Kisha akamfuta mumewe vumbi usoni kwa ncha ya kanga. "Mume wangu wewe," akasema, "siku nyingine ita tu."

Tundu alilolitoboa Pandu likazibwa, kila mgeni tonge moja la udongo, pwa, pwa, pwa, na wali ukaliwa. Tangu siku hiyo Uvumbuni, mgeni wa Mwaka hanawi mikono kabla hajabandika tonge moja la udongo kwenye jiko la mwenyeji. Ukitaka kujua nyumba yenye watu, pima unene wa ukuta wa jiko lake. La Pandu, wanasema, limenenepa hata mlangoni inabidi Miza apite upande upande.

Na kuku? Alisukiwa kikapu chake. Pandu mwenyewe alikisuka.

Wali?

— Umeliwa!

Chungu?

— Kimeoshwa!

Moto?

— Umelala!

Ukoko?

— Wangu! Wangu! Wangu!

Wenu wapi! Ngano nimewapa nyinyi mwende nayo, ukoko nabaki nao mimi.