Mkia wa Bi Mkubwa

Ukuta wa nyuma wa bustani ya wanyama ulikuwa umeinama kama mzee anayetafuta sindano sakafuni. Mto mdogo uliopita chini yake ulifurika katika mvua za mwanzo, ukaula udongo wa msingi, na ufa ukapanda kutoka chini hadi juu, mpana kiasi cha kupitisha kiganja. Upande mmoja wa ukuta huo aliishi chui jike, mzee wa umri lakini si wa meno, ambaye wafanyakazi wote walimwita Bi Mkubwa. Upande wa pili palikuwa na mtaa wa nyumba zilizobanana, zenye nyua ndogo, kamba za kuanikia nguo, na watoto waliocheza mpira hadi waitwe kula.

Fundi mwashi aliletwa. Akateremsha timazi, uzi wenye uzito wa kupimia wima, akalitazama lilivyoning'inia mbali na tofali za chini, kisha akatikisa kichwa.

"Mvua kubwa ikishuka, huu hauna maisha," alisema.

Mkuu wa bustani hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. Alitangaza kwamba Bi Mkubwa ahamishiwe boma jipya ng'ambo ya mji kabla ya mvua hiyo. Ikishindikana, angemwita askari wa wanyamapori aje na bunduki, na hakumaanisha bunduki ya sindano.

"Sitangoja chui aende kunywa maji jikoni kwa watu," alisema, na hakuna aliyeweza kumlaumu.

Kazi hiyo iliwaangukia watu wawili waliotoka tumbo moja. Wa kwanza alikuwa daktari wa wanyama wa bustani, mwanamke mtulivu ambaye nyumbani kwao waliendelea kumwita Kobe, kwa sababu utotoni alikula polepole hata vyombo vya wenzake vikaoshwa na kukauka, chake kikiwa bado kimejaa. Wa pili alikuwa kaka yake, mwenye malori ya kusafirisha mitambo mizito. Huyo aliitwa Radi. Alikuwa mtu wa kupiga hodi akiwa ameshaingia. Na mama yao, mjane asiyepindishwa neno, aliishi katika nyumba iliyopakana na ukuta ule ule, hatua chache kutoka kwenye ufa.

"Mdunge sindano ya usingizi, tumbebe, yaishe," Radi alimwambia dada yake.

"Mara ya mwisho nilipomlaza ili nimng'oe jino bovu, moyo wake ulisimama," Kobe alijibu. "Nilimkandamiza kifua mpaka mikono ikafa ganzi ndipo akarudi. Sindano ya pili itamuua. Lazima aingie kwenye kizimba kwa miguu yake."

"Basi ataingia. Mimi nitamwonyesha njia."

Siku ya kazi Radi alifika na kizimba cha chuma kilichokuwa na milango ya kuteremshwa kwa kamba huku na huku. Alileta pia vijana wake wenye vipande vya mabati na mpira wa maji. Kobe alipinga, lakini mkuu wa bustani alikuwa na haraka zake, akampa Radi ruhusa. Kizimba kikaunganishwa na lango kutoka nje ya boma, nyuma yake pakazibwa kwa wavu, na nyama ikawekwa ndani. Mabati yakapigwa. Maji yakafumuliwa.

Bi Mkubwa hakukitazama kizimba hata kwa jicho la pembeni. Alijirusha juu ya gogo, kutoka hapo akarukia kibaraza cha mawe kilichoegemea ukuta wenye ufa, akajikunja huko, masikio yamelala na meno yako nje. Maji yalipomfikia aliurukia ukuta wenyewe, akaning'inia kwa makucha chini ya wavu wa juu. Ukuta ukatetemeka. Tofali mbili zikachomoka zikaangukia upande wa pili.

Mabati yakanyamaza. Kisha sauti ya mwanamke ikasikika kutoka ng'ambo ya ukuta.

"Nani huyo anayenitupia tofali kwenye nguo zangu?"

Radi aliijua sauti hiyo kabla ya mtu mwingine yeyote. Uso ukamshuka. Akaufunga mpira wa maji kwa mikono yake mwenyewe, na wala hakungoja kuambiwa.

"Askari nimeshamwita," mkuu wa bustani alisema huku akitazama mawingu. "Mvua ikianza, kazi ni yake."

Jioni hiyo ndugu wawili walikwenda kumwomba mama yao akae kwa mdogo wake wa kike hadi mambo yatulie. Mama alikubali kwa shingo upande, tena kwa sharti moja.

"Tumbo simwachi," alisema.

Tumbo alikuwa paka wake, dume la kijivu lililostahili jina lake. Radi akachukua kikapu chenye kifuniko, akamwendea. Tumbo akapita chini ya meza. Radi akainama. Tumbo akapanda pazia, akashuka, akaingia nyuma ya kabati. Radi akaingiza mkono, akautoa haraka, na juu yake palikuwa na mistari mitatu myekundu.

"Mwanangu," mama alisema, "unamfukuza au unamwita?"

Kobe alikilaza kikapu ubavu sakafuni, mdomo wazi, akatandika ndani yake shali kuukuu ya mama. Kisha akakaa kitini, akakipa kikapu mgongo, akanywa chai yake. Wakazungumza habari za jirani aliyehama. Baada ya muda Tumbo alitoka nyuma ya kabati, akajinyoosha kama mtu aliyeamka zake usingizini, akakinusa kikapu, akasugua shavu ukingoni, akaingia. Akaikanda shali kwa miguu ya mbele, akajiviringisha, akalala. Kobe akakirudisha kifuniko cha kikapu taratibu. Paka hata hakufumbua macho.

Radi alitazama mkono wake, akatazama kikapu.

"Usiseme kitu," alimwambia dada yake.

"Sijasema."

"Yule wa kule ni chui, Kobe."

"Ni chui, sikatai. Lakini ukoo ni mmoja, kaka. Tumbo husugua shavu mlangoni ili mlango uwe wake, na Bi Mkubwa husugua shavu kwenye nguzo zake zote. Huyu hukanda godoro la mama, yule hukanda nyasi zake kabla ya kulala. Wote wawili, ukimsukuma aingie mahali, hapo ndipo patakuwa mahali pabaya kuliko pote duniani. Ukipaacha tu, atataka kujua pana nini. Tofauti yao ni kwamba huyu akikukwaruza unapaka dawa. Yule akikukwaruza, dawa haitakuwa na pa kupakwa."

Mama alicheka hadi akashika mbavu. Radi hakucheka, lakini kesho yake alifika bustanini bila mabati.

Kobe alianza na maboksi. Aliyaomba kwenye duka la mafriji, makubwa kwa madogo, akayatupia katika boma, kisha akawaondoa watu wote. Bi Mkubwa alikaa juu ya kibaraza hadi nyayo za mwisho ziliponyamaza. Ndipo aliposhuka. Alilinusa boksi, akakunja mdomo wa juu kama aliyeonja ndimu, akaingiza kichwa, na kichwa kikakwama. Akatembea na boksi kichwani akagonga nguzo. Wahudumu waliokuwa wakichungulia kutoka mbali walijiziba midomo wasicheke. Kisha akalivua boksi lile, akalipiga kofi moja tu, likawa vipande, na kicheko kikawakauka kooni. Baadaye alivikusanya vile vipande chini yake, akavilalia.

Kilichofuata kilikuwa kizimba. Kobe alikipamba ndani kwa makatoni, akamwaga humo nyasi kuukuu alizokuwa akilalia Bi Mkubwa, akanyunyiza unga wa mdalasini. Milango yote miwili ikainuliwa juu, ili mnyama aone mwanga ng'ambo na asidhani ameingia shimoni.

"Sasa unampikia chai?" Radi aliuliza.

"Naye ana pua, kaka."

Kila siku nyama iliwekwa karibu zaidi na kizimba, kisha mlangoni, kisha ndani kidogo. Kobe aliketi nje ya uzio, upande upande, bila kumkodolea chui macho. Wakitazamana kwa bahati, alifumba macho polepole na kuyafumbua polepole, kama afanyavyo Tumbo anapoamua kwamba mtu si adui. Siku moja Bi Mkubwa naye akafumba macho yake hivyo hivyo, akageukia upande mwingine. Kobe hakumwambia mtu, lakini alirudi nyumbani moyo ukiwa mwepesi.

Kwa Radi, siku hizo zilikuwa ndefu kuliko shimo la kisima. Aliketi juu ya lori lake akila kucha. Mama alimpigia simu kutoka kwa mama mdogo kuuliza kama chui huyo anaandaliwa harusi. Kila wingu lililopita lilimfanya asimame. Ndipo adhuhuri moja Bi Mkubwa alipoingia kizimbani hadi kiunoni, na Radi akahisi bahati imemjia mkononi. Akaishika kamba. Kobe akaweka mkono wake juu ya mkono wa kaka yake.

"Nusu ya chui ndani ni chui mzima nje," alinong'ona.

Lakini kamba ilikuwa imekwisha kulegezwa kidogo, na kapi, gurudumu lililobeba kamba juu, likalia kwi. Bi Mkubwa akarudi nyuma kama mwale, akapanda kibaraza, na siku ile hakushuka tena.

Kobe hakumkaripia kaka yake. Alikusanya vitu vyake, akaondoka. Radi alibaki peke yake kando ya kizimba, ameinamisha kichwa. Mwishowe alileta ngazi na kopo la grisi, akalipaka kapi, akalizungusha, akalipaka tena, hadi likawa halitoi sauti yoyote.

Wingu walilolihofia lilikuja asubuhi, zito na jeusi. Askari wa wanyamapori akaja nalo, mtu mpole aliyeishika bunduki yake kama anayeibeba kwa niaba ya mwingine. Mkuu wa bustani alisimama kando yake. Radi alikuwa kwenye kamba. Mlango wa nyuma wa kizimba ulikuwa umeshafungwa, ukabaki wa mbele. Bi Mkubwa alikuwa juu ya kibaraza chake, na kibaraza kilikuwa wazi kwa mbingu.

Matone ya kwanza yalipiga mawe. Juu ya ukuta kipande cha tofali kikajiachia, kikaanguka ndani ya boma. Askari akamtazama mkuu wa bustani.

"Daktari," mkuu alisema, "muda umekwisha."

Kobe hakugeuka. "Bado," alisema, kwa sauti ile ile aliyotumia kuomba chumvi mezani. Alijua jambo moja ambalo wale wanaume walikuwa wamelisahau kwa hofu yao. Hakuna paka apendaye kulowa.

Mvua ikazidi. Bi Mkubwa alitikisa kichwa, akatazama juu kwa chuki, akashuka. Alitembea kwenye tope akiinua kila mguu na kuukung'uta, mmoja baada ya mwingine, kama bibi aliyevaa viatu vipya. Mahali pakavu pekee, palipokuwa na harufu yake na nyasi zake, palikuwa pale ndani. Akasugua shavu mlangoni. Akaingia. Akageuka, akazikanda nyasi kwa miguu miwili, akajikunja, akalala.

Mkia ukabaki nje.

"Mkia," Kobe alinong'ona.

Radi aliuona. Mlango wa chuma ungeuangukia mkia huo, chui angeruka kwa uchungu kabla komeo halijashika, na hapo hapangekuwa na la kufanya ila bunduki. Maji yalimtiririka usoni. Nyuma ya ukuta ule kulikuwa na nyumba aliyozaliwa. Mikono yake, tangu ajue kuitumia, ilikuwa imezoea kuvuta, kusukuma na kuangusha. Sasa iliombwa itulie, nayo ikatulia.

Mkia ulipiga tope, ukainuka ncha, ukapiga tena. Tone kubwa likauangukia. Bi Mkubwa, kwa uvivu na karaha, akauvuta ndani akaufunga kuzunguka miguu yake.

Kobe akatikisa kichwa kukubali. Radi akaiachia kamba kidogo kidogo, kama mtu anayemlaza mtoto mchanga, na mlango ukashuka bila mlio. Komeo likashika. Bi Mkubwa akafumbua jicho moja, akalifumba.

Askari akatoa risasi kwenye bunduki, akaitia mfukoni, akampa Kobe mkono.

Lori lilikuwa limeshavuka daraja wakati ukuta ulipoanguka. Uliangukia pande zote mbili, ukafukia kamba ya nguo ya mama na kibaraza cha mawe pamoja. Majirani walikimbia kuona, na walichokiona ni boma tupu, makatoni yaliyochanika, na mvua.

Katika boma jipya wahudumu wa huko walimzunguka Radi. Mmoja wao, aliyesikia habari za mabati na mpira wa maji, aliuliza ni nguvu gani iliyotumika mwishowe kumwingiza mnyama mkali kiasi hicho. Radi alimtazama dada yake aliyekuwa ameketi chini nje ya uzio, mkabala na kizimba, mgongo umeelekea mlango uliofunguliwa, akingoja Bi Mkubwa aamue mwenyewe kutoka.

"Tulimngoja," alisema. Akaenda akaketi karibu na Kobe, naye akaupa mlango mgongo.

Wapo wanaodhani kwamba mwenye kishindo ndiye mwenye nguvu, lakini siku ile Radi mwenyewe ndiye aliyewaeleza wahudumu wale, kwa sauti ya chini ili asimshtue chui, kwamba simba mwenda pole ndiye mla nyama.